Waya wa Chumba cha Mzee

Wiki niliyoacha kazi, vijana wa dukani walininunulia keki pamoja na spika ndogo ya mviringo isiyo na waya. Wakaniambia niiweke jikoni, nikipenda ninunue nyingine ya chumbani, na simu yangu itapeleka nyimbo popote nitakapo, hata msalani. Nikawashukuru. Moraa, ambaye ndiye anayekaa kwenye kiti changu sasa, akaniuliza, "Mzee Makori, na zamani mlifanyaje?" Nikamjibu, "Tulipanda darini." Wakacheka, tukakata keki.

Jibu lile lilikuwa fupi mno. Naandika haya ili niliongeze. Habari za vyeo sitaziweka, maana katika duka la watu watatu cheo ni nani anashika funguo.

Nilianza kazi mjini Kisii mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika duka la vyombo vya sauti la Mhindi mmoja, Kantibhai. Yeye na mke wake walikaa ghorofani juu ya duka, na kila asubuhi kabla ya kufungua mlango aliwasha udi mbele ya picha ya mungu wao karibu na meza ya malipo, kisha akawasha redio zote kwa pamoja kusikia ipi imekufa usiku. Mimi nilitoka Kiogoro kwa miguu, viatu mkononi kama kumenyesha. Siku ya kwanza alinipa redio ya mbao iliyonyamaza. Nikachukua bisibisi.

"Weka chini hiyo," akasema. "Nusa kwanza. Kitu iliyoungua nasema yenyewe."

Nikanusa. Ilinuka panya. Tulipoifungua tukakuta panya mwenyewe, amekauka, meno yake bado yako kwenye waya. Kantibhai akaniangalia kama mwalimu ambaye mtoto wake amefaulu mtihani. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa.

Kazi za redio zilikuwa nyingi lakini zilizompa sifa zilikuwa zile za kusambaza sauti: amplifaya moja mahali pamoja, na spika kila chumba. Hoteli ziliipenda, na makanisa, na baadaye watu waliojenga nyumba kubwa. Alinifundisha mambo ambayo hata leo msiyadharau. Kila spika lazima iwe na transfoma yake ndogo, kwa sababu waya mrefu unakula sauti njiani. Waya ukipita darini ufungwe fundo kabla ya kufika kwenye spika, ili mtu akiuvuta, nguvu iishie kwenye fundo isifike kwenye lehemu inayoshikilia ncha. Ncha zote mbili ziandikwe jina la chumba kwenye plasta ya kidonda. Na kabla ya kuingiza kichwa darini, gonga. Nyigu hawapendi kushtukizwa. Hili la mwisho nililisikia nikiwa nimeshavimba jicho.

Kulikuwa na kazi zilizotusumbua. Hoteli moja ilitaka muziki vyumbani, mwenyewe akakataa kuweka vitufe vya kupunguza sauti kwa kuogopa wageni wataviiba. Mgeni mmoja akaziba spika yake kwa mto na blanketi, tukaitwa kutengeneza "spika iliyopoteza nguvu". Kanisa moja lilikuwa likishika redio ya teksi katikati ya mahubiri; muumini mmoja aliamini ni ndimi. Lakini kazi ninayotaka kuwasimulia ni ile ya nyumba ya mtaa wa Nyanchwa. Kila nikiikumbuka, hata nikiwa peke yangu, uso wangu unapata moto.

Mwenye nyumba alikuwa wakili, Josiah, kijana wa Suneka aliyesoma na kufanikiwa. Mke wake Kerubo alikuwa mwalimu. Walikuwa watu wa kanisa, wakarimu. Sikuwahi kupanda ngazi yao bila kuitwa kwanza chai. Josiah alitaka kaseti za kwaya zisikike nyumba nzima kutoka kwenye chombo kimoja cha sebuleni. Zaidi ya hapo alitaka maikrofoni ndogo chumbani mwake, kando ya kitanda, ili asubuhi awaite watoto kwenye maombi bila kupiga kelele ngazini.

"Nibonyeze tu hapa, waamke wote," aliniambia, akifurahi kama mtoto.

Baba yake, Mzee Ombati, alikuwa ameletwa kukaa nao kwa sababu ya tumbo. Aliambiwa ni vidonda, akawa anakunywa dawa nyeupe ya chupa. Hapa lazima nieleze jambo kwa wale wasio wa kwetu. Sisi Wakisii tuna neno, chinsoni. Ni aibu na heshima kwa pamoja. Baba haingii chumbani mwa mwanawe. Baba na mke wa mwanawe hawaketi wakisikiliza maneno ya mapenzi pamoja. Hata wakisikia mtu mwingine anayasema, mmoja wao atatafuta sababu ya kutoka. Josiah aliyajua hayo vizuri. Ndiyo maana mzee hakulala ndani ya nyumba hasa. Alijengewa chumba ubavuni, chenye ukuta mnene na mlango wake mwenyewe wa nje, ili aweze kutoka na kuingia bila kukutana na mtu amevaa kanga. Ukuta ule uliwekwa kwa heshima. Kisha Josiah akaniambia nipitishe waya ndani yake.

"Na yeye asikie nyimbo," alisema. "Anakaa peke yake mno." Swichi alisema nisimwekee, mzee angeichezea na kuiharibu.

Niliweka. Kazi ilikuwa safi. Siku ya kuwasha, kwaya iliimba kuanzia jikoni hadi chooni, watoto wakakimbia chumba hadi chumba kuhakikisha kama wimbo unafika kabla yao. Kerubo alisimama katikati ya ngazi, mikono kiunoni, akatikisa kichwa kwa furaha. Nilitembea kurudi mjini nikiwa mrefu.

Muda si mrefu nikaitwa. Spika ya mzee ilikuwa inavuma. Ilikuwa Jumapili, siku ambayo wao, kwa kuwa husali Jumamosi, walipumzika nyumbani. Watoto walikuwa wametumwa kwa shangazi yao. Niliwasha amplifaya, nikanyamazisha kaseti na spika za vyumba vingine ili nisikie huo mvumo vizuri, nikaenda chumba cha mzee na kiti cha kupandia.

Mzee Ombati alikuwa mwembamba, na macho ya mtu aliyezoea kutazama ng'ombe wa mbali. Tulizungumza Kikisii. Nilimwita tata, yaani baba, kama ninavyomwita mzee yeyote wa rika la baba yangu.

"Tata, inakusumbua?"

"Inalia kama nyuki. Usiku naota niko kwenye mzinga." Akasogea karibu. "Nipe vyombo vyako nikushikie. Angalau leo nina kazi."

Nikampa bisibisi na koleo, nikapanda kwenye kiti, nikafungua kifuniko cha spika. Lehemu moja ilikuwa imelegea. Nilikuwa naigusa kwa kidole pale spika ilipokohoa, na sauti ya mwanamke ikatoka, karibu kama yuko nasi.

Ilikuwa ya Kerubo. Alikuwa chumbani kwake juu, na mumewe. Josiah alikuwa ameita watoto kwenye maombi asubuhi na hakuizima maikrofoni.

"Mimi nimechoka, Josiah," spika ilisema. "Nafua mashuka yake kila siku. Wageni wakija naona aibu, chumba kinanuka mpaka sebuleni. Mpaka lini? Niambie, mpaka lini?"

Nilijua papo hapo ni nini. Nikanyoosha mkono chini bila kutazama. "Tata, nipe koleo."

Hakunipa. Nikageuka. Alikuwa amelishika kifuani, na mkono mwingine ameuinua, kiganja kwangu, kama mtu anayemsimamisha ng'ombe. Aliniambia ninyamaze bila kutoa sauti.

 Kisha Josiah akajibu, sauti ya chini, ya mtu anayebembeleza.

"Vumilia kidogo, mama. Si muda mrefu. Daktari aliniambia, ile si vidonda. Imeenea. Hakuna la kufanya. Hafiki mwisho wa mwaka."

"Na yeye anajua?"

"Anajuaje? Nimwambie vipi baba yangu?"

Mimi niko juu ya kiti, mikono imeshika spika ya watu, na chini yangu amesimama mzee anayesikia kifo chake kutoka darini. Ningeweza kuuvuta waya, lakini lile fundo nililolifunga mwenyewe lilikuwa limeshika. Nilivuta kweli. Halikuachia. Huko juu Kerubo alikuwa ameanza kulia, na kilio cha mke wa mtu kikaingia katika chumba cha baba mkwe wake, mahali ambapo hata kicheko chake hakikupaswa kufika.

Ndipo mzee akaniwekea koleo mkononi.

"Sasa kata," akasema.

Nikakata. Nilishuka nikashindwa pa kutazama. Nilitazama miguu yake. Alikuwa amevaa ndara za plastiki, za bluu.

"Wewe ni wa wapi?" akaniuliza, kana kwamba ndiyo kwanza naingia.

"Kiogoro, tata."

"Baba yako yu hai?"

"Yuko."

Akatikisa kichwa. Akakaa kitandani, akalainisha shuka kwa viganja, upande huu, upande ule. "Nenda," alisema. "Ukiulizwa, spika imeharibika."

Nilipita sebuleni, nikazima amplifaya, nikatoka kwa mlango wa nyuma kama mwizi. Sikuaga. Chai ilikuwa imewekwa mezani.

Kesho yake mzee alirudi kwake Suneka. Alimwambia mwanawe kwamba kelele za ile spika zinampasua kichwa na hataki kuishi ndani ya redio. Hakuna maneno ambayo yangeweza kumzuia. Josiah akaja dukani akiwa na suti ya mahakamani, wateja wamejaa.

"Makori, ulifanya nini kwenye chumba cha baba yangu? Nimekuta waya umekatwa! Mzee mgonjwa amekimbia nyumba kwa sababu ya kazi yako mbovu!"

Watu waligeuka wote. Nilifungua mdomo. Kama ningesema ukweli, ningekuwa nimerudia maneno ya mke wake mbele ya duka zima, na maneno yake mwenyewe, na ugonjwa wa baba yake. Nilisema, "Samahani, wakili. Iliharibika."

"Iliharibika! Unaita hiyo jibu?"

"Samahani."

Alipotoka, Kantibhai aliniita nyuma. "Waya yetu mbaya?"

"Waya ni mzuri."

"Transfoma?"

"Nzuri."

"Basi nini?"

 Mtu aliyenifundisha kila kitu, na sikuweza kumjibu swali la kazi. Alingoja, kisha akaokota kitambaa akaanza kufuta chombo kilichokuwa safi. Tangu siku hiyo hakunituma tena kwenye nyumba za watu. Nilikaa nyuma natengeneza redio kaseti, na wateja waliokuja kuulizia spika za nyumbani niliwasikia wakisema, "Lakini si yule aliyemfukuza mzee wa watu." Mke wangu alilisikia sokoni. Aliniuliza kama ni kweli, nikamwambia kazi ina mambo yake. Mama yangu alilisikia kanisani. Kwa mtu wa kwetu hakuna jina baya kama hilo, kwamba kwa ajili yako mzee amehama kwa mwanawe. Nilianza kupita njia ya nyuma ya soko.

Baada ya majuma kadhaa, mwanamke mmoja wa Suneka alifika dukani na ujumbe: redio ya Mzee Ombati imezima, na anamtaka fundi yuleyule. Kantibhai akainua nyusi, akanipa ruhusa.

Nilimkuta ameketi kitandani, amepungua sana. Redio ilikuwa kwenye stuli. Niliifungua nyuma, betri hazikuwamo. Zilikuwa dirishani, zimepangwa vizuri.

"Ulimwambia nani?" aliuliza.

"Hakuna, tata."

"Hata mkeo?"

"Hata yeye."

"Nasikia wanakutukana kwa ajili yangu."

Nikaanza kurudisha betri mahali pake.

"Nisamehe. Sikuwa na uongo mwingine karibu." Akapumua kidogo kidogo. "Josiah anakuja kila Jumapili na ile dawa nyeupe. Nakunywa ili afurahi. Nikitaka kumwonyesha mipaka ya shamba, anasema, tata, utapona. Nikitaka kumwambia nizikwe wapi, anatoka nje. Nitakufa na maneno yangu tumboni. Mimi siwezi kumwambia kwamba najua. Akiniuliza nilijuaje, nitamjibu nini? Kwamba nilikuwa chumbani kwake?"

Nikaelewa naombwa nini, nikatamani redio ile ingekuwa imeharibika kweli.

"Mwambie wewe," alisema. "Mwambie nilisikia la daktari. Hilo tu. Yale ya mke wake hukuyasikia, na mimi sikuyasikia. Yule mtoto alinifulia mashuka kwa mikono yake. Mama aliyemzaa Josiah hayupo duniani, nani mwingine angefua? Kuchoka si kosa."

Nilikwenda ofisini kwa Josiah. Hakunikaribisha kukaa. Nikafunga mlango mwenyewe, nikasema kama nilivyotumwa, nikiongea na kona ya meza.

"Wakili, siku ile maikrofoni ya chumbani ilikuwa imeachwa wazi. Nilikuwa na mzee. Alisikia alilosema daktari. Anasema anajua, na anataka mzungumze mambo ya shamba."

Alikaa. Kalamu aliyokuwa nayo aliiweka chini, akaiokota, akaiweka tena. "Sauti yangu?"

"Sauti yako."

"Alisikia hilo peke yake?"

"Hilo ndilo nililotumwa."

Wakili ni mtu wa kusikia kilichoachwa. Alijua lile neno la daktari lilikuwa jibu, na alikumbuka swali. Alifunika uso kwa mikono yote miwili. Niliona masikio yake yakibadilika rangi. Nilitamani kumwambia lolote la kumpunguzia lakini sikuwa nimetumwa zaidi, nikatoka. 

Josiah alikwenda Suneka siku hiyohiyo. Nasikia walitembea mipakani pamoja mpaka mzee akachoka, akabebwa mgongoni kumalizia upande wa mtoni. Hakurudi tena Nyanchwa. Alifariki kabla ya mvua kuisha, kitandani mwake.

Siku ya mazishi familia iliomba vyombo kwa Kantibhai, na Kantibhai mwenyewe akaja, jambo ambalo si la kawaida. Tuliweka spika mbili mbele ya migomba na jenereta nyuma ya jiko. Mimi nilikaa kwenye amplifaya, kando ya jiko. Watu walijaa uwanja mzima, na nilisikia wakinionyeshana: fundi ndiye yule.

Josiah aliposhika maikrofoni alisoma historia ya baba yake. Kisha akakunja karatasi.

"Kuna jambo limesemwa," alisema. "Limesemwa kwamba baba aliondoka kwangu kwa sababu ya kelele za spika. Na mimi nililisema, dukani, mbele za watu. Si kweli. Fundi Makori hakuharibu kitu. Baba aliondoka kwa sababu ya maneno, na maneno yalitoka kinywani mwangu. Nilipaswa kumwambia baba yangu habari yake mwenyewe, nikamficha, akaisikia kwa njia mbaya."

Nilikuwa nimengoja kusafishwa jina muda wote ule, na lilipokuja nilitaka ardhi inifiche. Kila jicho lilikuwa kwangu. Niliinamisha kichwa kwenye vitufe.

Ndipo nikaona miguu ya mwanamke inapita. Kerubo alikuwa ameinuka kutoka kwa wanawake. Alikwenda moja kwa moja hadi pale mumewe aliposimama kando ya jeneza, akashika maikrofoni na mkono wa mumewe pamoja. 

"Hayakuwa yake peke yake," alisema, na spika zote mbili zikalisema. "Mimi..."

Nikazungusha kitufe mpaka mwisho. Sauti ikafa. Uwanja ukabaki na jenereta tu.

"Spika! Fundi, spika!" watu wa nyuma wakapiga kelele. "Hatusikii!"

Kantibhai alinijia haraka. Alitazama kitufe, akaona kimefungwa, akaona kidole changu juu yake. Akamtazama yule mwanamke aliyeinamia jeneza, bado anaongea. Sikumweleza chochote. Aligeuka kwa watu, akainua mikono yote miwili, na kwa sauti kubwa akasema jambo ambalo sikuwahi kumsikia akilisema kabla, wala sikulisikia tena katika miaka yote niliyofanya kazi naye.

"Pole sana! Chombo yangu nimeharibika. Ngojeni kidogo."

Watu wakanung'unika, wakangoja. Alisimama mbele yangu na mgongo wake mpana mpaka Kerubo alipomaliza na kufuta uso. Alisema nini, sijui. Jenereta lilikuwa karibu nami mno.

Kisha Kantibhai akasema, "Washa," nikawasha.